Viti vya Plastiki vya Hai Mauna

Hii stori inanifanya nionekane mjinga, na najua hivyo kabla sijaianza. Nimejaribu kuisimulia kwa njia ya kunisaidia. Nimejaribu kuanza na basi lililoharibika, nimejaribu kuanza na rafiki yangu aliyenielekeza vibaya. Haisaidii. Kila njia inaishia pale pale: mimi nimekaa mtaa wa Hai Mauna karibu saa sita usiku, nimekunja nne, napiga mluzi.

Mjue kwanza nilikuwa na miezi mitano tu Juba. Nimezaliwa huku lakini nimekulia Kitale, nikasoma mpaka darasa la nane, hapo shule na mimi tukachokana. Nikarudi, nikapata kazi ya kuziba panchari kwenye soko la Jebel, chini ya mlima. Kazi yenyewe inaanza alfajiri, malori hayana huruma. Saa mbili usiku mimi nimeshalala kama gogo. Chakula changu cha jioni kilikuwa kimoja tu, maharagwe na chapati mbili kwa mama mmoja wa Uganda mwenye kibanda karibu na kazini, na saa moja na nusu anafunga. Kwa hivyo Juba ya usiku niliijua vile ninavyoijua Marekani. Kwa kusikia.

Lakini kwa simu! Kwa simu nilikuwa gavana. Kitale kuna msichana tunapendana tangu siku nyingi, na kila jioni nikimpigia namwambia, "Huku mji haulali. Saa nane usiku ukitamani samaki, unapata samaki. Ukitamani mbuzi, mbuzi yuko kwa moto anakungoja." Yeye anacheka. Shida ni kwamba alikuwa anaenda kumwambia mama yake, na mama yake akamwambia kaka yake.

Sasa huyo kaka ya mama, yaani mjomba wa msichana, kwetu si mtu wa kuja harusini kula keki. Yeye akisema hapana, hata ulete ng'ombe mpaka barabara ifungwe, utarudi nao nyumbani mkiangaliana. Ni mzee wa kanisa, mtu mkimya, anaongea kama kila neno linakatwa kwa mshahara wake. Akatuma ujumbe kwamba anakuja Juba siku mbili. Anataka kuona mpwa wake anapelekwa wapi, na kwa nani. Alhamisi atarudi Kitale na jibu.

Basi lake lilitakiwa kufika saa tisa mchana. Lilikufa njiani kutoka mpakani, likafufuliwa, likafika saa nne usiku. Nilikuwa nimemngoja hapo stendi mpaka usingizi ukanipiga nikiwa nimesimama. Akashuka na begi dogo na kofia yake, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Habari ya safari, mjomba?"

"Ndefu."

"Umekula?"

"Asubuhi. Andazi."

Nikachukua begi. Tukatembea hatua kama kumi kwenda kwa pikipiki niliyoazima kwa bosi, ndipo akaongeza, bila hata kuniangalia, "Nimesikia huku mji haulali."

Jamani. 

Nikawasha pikipiki. Mji ulikuwa umelala, umelala fofofo, umejifunika mpaka kichwa. Lakini niseme ukweli, hata na hofu yangu yote, nilishangaa. Sikuwa nimewahi kuiona Juba saa hiyo. Mchana ni honi, vumbi, majenereta na watu wanakugombeza kwa lugha nne. Usiku ule vumbi lilikuwa limelala chini kama mbwa. Mlima wa Jebel Kujur ulikuwa mweusi kabisa, na nyota zilikuwa nyingi mpaka nikadhani kuna mtu amemwaga kitu. Nilitaka kusimama niangalie. Lakini huwezi kumwonyesha mtu mwenye njaa nyota.

Kwa mazoea nikampeleka kwanza kwa mama wa maharagwe. Kibanda kimefungwa, paka amelala juu ya jiko. Mjomba akamtazama paka, akanitazama mimi. 

Tukaenda kwa jamaa wa rolex kando ya barabara kubwa, wale wanaokuviringia mayai ndani ya chapati. Taa yake ilikuwa inawaka, nikashukuru Mungu kwa sauti. Tukafika, anafunga sanduku.

"Kaka, mayai imeisha," akasema. "Chapati iko moja, lakini hiyo ni ya asubuhi. Mimi mwenyewe naogopa yeye."

Nikasema basi ni mtaa wa Nyakuron, kule hakukosi nyama. Na kweli nyama ilikuwepo, naisikia harufu toka mbali. Lakini mlangoni muziki unapiga kifua kama ngumi, na vijana wametoka nje na chupa zao, mmoja anacheza na nguzo. Mjomba hata hakushuka kwa pikipiki. Akakohoa mara moja tu. Kikohozi cha mzee wa kanisa nakijua, ni mahubiri kamili.

Nikasogea pembeni nikampigia rafiki yangu tunayefanya naye kazi, Mganda, mtu wa kutembea usiku kuliko popo. Akapokea na sauti ya usingizi.

"Nisaidie, niko na mjomba wa msichana, hajakula toka asubuhi. Pa kula ni wapi saa hii?"

"Saa hii? Mimi iko najua place moja Hai Mauna. Haina jina. Watu ya kuonja wanajua tu. Chakula yake, wee! Unaweza kulia."

"Nitaijuaje?"

"Ingia ndani ndani, pita workshop za kuchomelea. Ona viti ya plastiki mingi, jenereta inalia, wanaume wanacheza karata. Hapo umefika."

Akakata. Nikarudi kwa mjomba nimevimba kifua. "Mjomba, nilikuwa nakuzungusha kidogo tu uone mji. Sasa twende mahali penyewe."

Hai Mauna nikapita karakana za kuchomelea, nikaingia ndani ndani. Kona ya kwanza giza. Kona ya pili giza na mbwa. Kona ya tatu, nikasikia jenereta. Tukatokea mahali njia yenyewe imezibwa na turubai kubwa, chini yake balbu moja, na viti vya plastiki, mazee, viti! Bluu, vyeupe, vyekundu, vimepangwa mistari. Wanaume wengi wamekaa, wengine wanacheza karata na kucheka. Na nyuma, uani, mioto mitatu, na juu ya kila moto sufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea. Wanawake wanakoroga asida, ule ugali wa huku, kwa miti mirefu kama makasia, mwili mzima unaenda na mkono. Nilisimama mdomo wazi. Miezi mitano nakula maharagwe, kumbe kitu kama hiki kipo!

Mjomba akashuka. Akavua kofia. Kisha akaanza kuzunguka ule mstari wa mbele akimpa kila mwanaume mkono, mmoja mmoja, akisema maneno chini chini. Nikasema moyoni, hawa wazee wa Kitale, hata hotelini wanasalimia dunia nzima. Mimi nikatafuta viti viwili vizuri, nikakaa.

Mama mmoja akapita na beseni.

"Mama, fi akil?" Yaani chakula kipo?

Akaniangalia kama nimeuliza kama usiku kuna giza. "Akil fi. Taal, gen." Kipo, njoo ukae. Nami nimeshakaa.

Akatumwagia maji ya kunawa, mimi na mjomba. Nikamwambia alete samaki wa kukaanga wawili, wakubwa, na pilipili pembeni. Akacheka kidogo puani, akaenda. Akarudi na sinia moja. Hakuna samaki wa kukaanga. Kuna asida nyeupe kama mto wa kulalia, kisra, mkate mwembamba kama kitambaa, bamia, na mchuzi wa samaki mkavu uliopikwa na siagi ya karanga.

Nikatia tonge la kwanza mdomoni, nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Sijui niseme vipi. Ule mchuzi ulikuwa na ladha ya marehemu nyanya yangu, ambaye alikufa nikiwa mdogo na sikumbuki hata uso wake, lakini ulimi ukamkumbuka. Mjomba alikuwa anakula taratibu, macho chini. Na watu walizidi kuja. Saa sita kasoro, mtu anatoka gizani kwa miguu, anakaa, analetewa sinia, hakuna anayemuuliza wewe ni nani. Nikajiambia, hii hoteli ndiyo hoteli.

Na kwa sababu ni mimi, nikaharibu. Nilitaka mjomba aone kwamba mimi ni mwenyeji. Nikakunja nne. Nikapiga mluzi, vile tunavyomwita wa chai kazini. Yule mama akageuka.

"Mama, tamu, lakini chumvi kidogo! Na mzee aongezewe bamia!"

Karata zikasimama. Mama akaleta chumvi. Akaleta na bamia. Jamaa wa karata aliyekuwa karibu yetu, mtu mzima, alikuwa amekaa Uganda akaokota Kiswahili huko, akaniegemea.

"Kijana, wewe ilikuwa najua mzee?"

Mzee ndiye mwenye hoteli, nikaona. Hiyo ndiyo nafasi yangu. "Mzee? Huyo ni mtu wangu kabisa! Jumamosi tu tumekula hapa na yeye, sahani moja."

"Jumamosi?"

"Jumamosi jioni."

Akaweka karata chini. "Mzee ilikuwa hospitali mwezi mzima."

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilishuka na mteremko bila breki. "Basi alitoroka! Si mnamjua mzee?"

Wakaangaliana. Mmoja akasema kitu kwa Kiarabu cha Juba, mwingine akatikisa kichwa, akafuta jicho kwa kiganja, akacheka. Wa tatu akainuka haraka akaenda uani. Nikaona nimewafurahisha. Nikamgeukia mama wa beseni, nikaingiza mkono mfukoni kama tajiri.

"Mama, ngapi?"

"Ngapi sunu?" Ngapi nini?

"Chakula. Mimi na mzee."

Jenereta tu ndiyo iliyoendelea kuongea. Yule wa karata akanishika bega, pole pole, kama unavyoshika mtoto aliye karibu na moto.

"Kijana. Hapa hakuna kuuza. Hii ni bika."

Bika. Matanga. Neno hilo nalijua, hata mwenye siku mbili Juba analijua. Nikatazama tena vile viti na sasa nikaviona: vyote vinaangalia upande mmoja, na mahali pote hakuna meza hata moja. Upande vinakoangalia kulikuwa na picha ya mzee, imeegemezwa kwa ukuta, imefungwa utepe mweusi. Nilikuwa nimemkunjia nne marehemu.

Nilikuwa nahesabu hatua za kufika kwa pikipiki wakati wanawake wawili walitoka uani wamemshika wa tatu mkono. Mdogo, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, miguu peku. Mjomba akasimama. Wote wakasimama. Mjane akaja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni. Alizungumza Kiswahili cha pole pole, cha kambi ya wakimbizi Uganda.

"Wewe ndiyo umekula na yeye Jumamosi?"

Nikatazama ile picha ukutani.

"Mwezi mzima mimi nalala chini ya kitanda yake. Jumamosi tu nilienda nyumbani kuoga. Nimerudi na uji, amekataa. Nikasema, huyu ameshaanza kuenda." Akameza mate. "Kumbe alikuwa ameshiba? Alikula nini?"

Jamani, nimeambiwa maneno mengi maishani, sijawahi kuambiwa kitu kama hicho. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayengoja maji. Na jibu lilikuwa rahisi. Samaki, mama. Alikula samaki mzima, akalamba vidole, akacheka. Mdomo wangu ungeweza kusema hivyo bila kutoa jasho, ni kazi yake ya kila siku. Angelala vizuri. Mjomba naye asingejua kitu. Ningekula harusi yangu.

Lakini angeenda na huyo samaki mpaka kaburini kwake. Na huyo samaki hayuko.

"Mama," nikasema, "mimi sikumjua mzee. Nimedanganya."

Nikaendelea kabla mdomo haujabadili nia.

"Nilidhani hapa ni hoteli. Niliambiwa kuna hoteli haina jina, nikaona viti, nikaona karata. Huyu ni mjomba wa msichana ninayetaka kumwoa, nilimwambia naijua Juba yote usiku. Siijui. Mimi nalala saa mbili. Sijawahi kula na mzee wako. Nisamehe."

Nilisema hayo yote nikiangalia vidole vyake vya miguu. Sikuthubutu kumwangalia mjomba. Nilimsikia tu akikohoa.

Mjane akatazama vile viti, mstari kwa mstari. Kisha akauliza, "Hoteli?"

"Ndiyo, mama."

"Ile mluzi, ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa mimi."

"Na ulisema chumvi kidogo?"

"Nilisema."

Akawageukia wale wanawake waliomshika. "Si niliwaambia?" akasema. "Chumvi ni kidogo toka juzi!"

Kikamtoka. Sijui kama kilianza kama kilio, lakini kilitoka kama kicheko, kikubwa kuliko mwili wake, mpaka akakaa chini kwenye mavumbi na kitambaa kikaanguka. Machozi yanamwagika, mabega yanaruka, anapiga ardhi kwa kiganja. "Hoteli! Ameomba samaki mbili kubwa!" Wale wanawake wakaanza. Wa karata wakaanza. Yule mama wa beseni alilazimika kushika nguzo ya turubai. Nilisimama katikati yao nimekauka. Watu wale wale waliokuwa wanacheka ndio waliokuwa wanalia, huwezi kusema hiki kinaishia hapa na kile kinaanzia pale. Nikaogopa kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya matope.

Alipotulia, akanivuta mkono kwenda uani. "Kuja. Wapishi hawajasikia. Anza na mluzi."

Nikasimulia kando ya moto. Nikasimulia mara tatu, maana kila saa anakuja mtu mpya na mjane anasema, "Mwambie." Katikati nikachota maji, madumu ya lita ishirini toka kwa tangi la jirani, nikapasua kuni, nikakoroga asida mara moja nikashindwa, mkono wangu wa kufungua magurudumu ya lori ukashindwa na kitu ambacho bibi wa miaka sitini alikuwa anakoroga huku anapiga soga. Aliniambia wamepika hivyo siku tatu, usiku na mchana, kwa yeyote atakayepita. Nikamuuliza na akipita mwizi je? "Mwizi hasikii njaa?" akaniuliza.

Kulipopambazuka nilimkuta mjomba kwenye mstari wa mbele, kofia magotini, macho wazi. Hakuwa amelala. Alikuwa amewaombea, niliambiwa, na alikuwa amepoteza michezo minne ya karata.

Njiani kurudi nikajikaza. "Mjomba, wewe ulijua saa ngapi?"

"Tulipofika. Niliona viti, sikuona meza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ukishanawishwa maji ya matanga, huwezi kuondoka bila kula." Akafikiri kidogo. "Na nilikuwa na njaa."

Juu ya msichana hakusema neno. Siku hiyo yote hakusema. Alikagua chumba changu, akagonga ukuta, akaangalia paa, akakunywa chai. Jioni tulirudi Hai Mauna, akataka mwenyewe. Rafiki yangu Mganda nilipomweleza alishika kichwa. "Si ni kona ya nne! Nne!" Ile hoteli kweli ipo, kona moja mbele. Nimekula huko baadaye. Ni nzuri. Silii.

Alhamisi alfajiri nikampeleka stendi. Nikampandishia begi, nikambebea maji, nikamnunulia mayai ya kuchemsha, nikawa nazunguka zunguka kama kuku. Dereva akapiga honi. Basi likaanza kusogea na bado hajasema kitu, nami nikaona basi, imekwisha, nimekosa mke kwa sababu ya chumvi.

Dirisha likafunguka. Mjomba akatoa kichwa.

"Harusi," akasema, "tutaifanya mchana."